Kuulinda Mche Mchanga dhidi ya Jua, Mvua, Upepo na Jalidi

Mche wa mboga uliotoka kuota una shina la unene wa milimita mbili au tatu na mizizi iliyoshuka sentimita chache tu. Mmea uliokomaa unaweza kunyauka adhuhuri na kusimama tena jioni, kwa kuwa mizizi yake inafikia unyevu wa chini. Mche hauna akiba hiyo. Maisha yake yote yamo katika tabaka la juu la udongo, na hilo ndilo tabaka linalokauka mapema, linalopata joto kali kuliko mengine mchana na linalopoa upesi zaidi usiku. Ndiyo maana siku moja ya hali mbaya ya hewa, ambayo mahindi ya jirani yataipita bila dosari, hutosha kumaliza kitalu kizima cha nyanya.

Wakulima wengi wa bustani huielewa kinga kuwa ni kufunika, na kazi ikaishia hapo. Kumbe kila balaa la hewa lina namna yake ya kuua, na kifuniko kinachozuia moja huweza kuleta jingine. Nyasi zilezile zinazookoa miche ya Dodoma mwezi wa Oktoba zinaweza kuiponza miche ya Makete mwezi wa Julai. Kabla ya kukata fito na kununua nailoni, inafaa kujua kwanza joto na maji vinaingiaje katika kitalu na vinatokaje.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki tatizo la kwanza ni jua. Udongo mtupu, hasa mweusi, ukipigwa na jua la saa saba mchana unaweza kuzidi nyuzi joto 50 juu yake, ilhali hewa ya kivulini ni nyuzi 32 tu. Shina laini huungua pale linapochomoza ardhini, mche ukalala. Mara nyingi lawama hupewa sota, yaani viwavi wakatao miche usiku, na dawa ikapulizwa bure. Tofauti yao huonekana kwa kuangalia shina: sota hukata, na mara nyingi mwenyewe hupatikana amejikunja chini ya udongo karibu na mche, joto huacha mzingo uliosinyaa na kukauka usawa wa ardhi, bila alama ya meno.

Mbegu nazo huathirika kabla hata ya kuota. Aina nyingi za saladi hukataa kuota udongo ukizidi nyuzi joto 30 hivi, na mkulima akadhani ameuziwa mbegu mbovu. Dawa yake ni kusia jioni, kumwagilia maji ya baridi na kutandaza nyasi kavu kiasi juu ya tuta. Nyasi hizo ziondolewe mara tu miche ya kwanza inapotokeza. Zikiachwa siku mbili tatu zaidi, miche hurefuka ikitafuta mwanga, hupauka, na haipati tena unene uliopotea.

Baada ya hapo kivuli kinapaswa kuwa juu, si chini. Kichanja cha fito kilichoinuliwa karibu mita moja na kuezekwa makuti, nyasi au majani ya migomba kwa nafasi nafasi hupitisha hewa na kuruhusu vipande vya mwanga kuhama juu ya tuta kadiri jua linavyosogea. Mafundi wa vitalu hupenda kukiinua zaidi upande wa mashariki na kukishusha upande wa magharibi. Kwa mpango huo jua la asubuhi, ambalo ni pole, huingia kwa chini, na lile la alasiri huzuiwa. Anayenunua wavu wa kivuli atakuta umeandikwa asilimia: kwa mboga nyingi ule wa 30 hadi 50 unatosha. Wavu wa asilimia 80 hufaa mimea ya maua inayopenda kivuli kizito. Ukiwekwa juu ya nyanya au pilipili hoho hutoa miche mirefu, dhaifu, isiyofaa kupandikizwa.

Maji ni kinga ya jua sawa na kivuli, kwa sababu jani hujipoza kwa kutoa unyevu. Mche uliomwagiliwa asubuhi unaingia mchana ukiwa na uwezo huo. Wapo wanaoogopa kumwagilia mchana wakiamini kwamba matone juu ya majani huunguza. Kwa majani laini yasiyo na vinyweleo hofu hiyo haina msingi mkubwa. Hasara ya kweli ya maji ya mchana ni kwamba mengi hupotea hewani. Hatari kubwa zaidi hutoka kwenye mpira wa maji uliolala juani: maji yaliyomo ndani huweza kuwa ya moto wa kuunguza mkono, nayo yamwagwe pembeni mpaka yatoke ya baridi.

Masika yanapoingia, mambo hugeuka. Tone kubwa la mvua lenye upana wa milimita 5 huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likigonga udongo mtupu hurusha chembe za tope hadi kwenye majani ya chini, na pamoja na tope huruka vimelea vya magonjwa. Likigonga kitalu ambacho mbegu hazijaota, hupondaponda udongo na kuacha utando ambao ukikauka hauruhusu chipukizi jembamba kama la kitunguu kupenya. Matandazo mepesi huvunja nguvu ya matone hayo yote, na hakuna kazi ya nusu saa inayolipa zaidi bustanini wakati wa mvua.

Maji yanayosimama hudhuru polepole lakini kwa hakika. Mizizi huhitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Katika hali hiyo hushamiri kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya ukungu viishivyo udongoni, kama Pythium na Rhizoctonia. Shina huoza usawa wa ardhi, mche huanguka ukiwa bado kijani, na doa la miche iliyoanguka hupanuka kila siku. Dawa za ukungu husaidia zikiwahi, lakini kinga iliyo bora ni ujenzi: tuta lililoinuliwa sentimita 15 hadi 20, lenye upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, mtaro wa kutolea maji kila upande, na miche isiyobanana. Mbegu zimwagwe katika mistari yenye nafasi ya kiganja. Kitalu kilichosiwa kwa msongamano hakikauki hata jua likitoka.

Paa la nailoni nyeupe juu ya tuta ni msaada mkubwa wakati wa masika, mradi pande zake zibaki wazi. Wengi huifunga nailoni hadi chini wakidhani wanaongeza ulinzi. Jua likichomoza kati ya mvua mbili, joto la ndani hupanda kwa dakika chache, unyevu hutanda, na kinyausi hupata makao mazuri kuliko ya nje. Kosa hilohilo hufanywa na wanaojenga vitalu nyumba vya nailoni katika mwambao wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam kwa ramani za mahali penye baridi. Kwenye joto la pwani, nyumba ya wavu yenye paa dogo la kuzuia mvua huwafaa watu wengi zaidi.

Upepo hauonwi kuwa adui kwa sababu hauachi doa la kuonyesha. Hata hivyo huko Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, na pwani wakati wa kusi, huondoa unyevu kwenye majani kwa kasi isiyoweza kufuatwa na mizizi michanga. Hutupa mchanga unaokwaruza majani, na karibu na bahari hubeba chumvi, ambayo huoshwa kwa kunyunyizia maji safi jioni upepo unapotulia. Wazo la haraka huwa ni kujenga ukuta au kufunga mabati. Ukuta usiopitisha hewa huurusha upepo juu, kisha upepo huo huanguka upande wa pili ukiwa na mizunguko mikali, mara nyingi palepale kwenye kitalu. Kizuizi kizuri ni kile kinachopitisha karibu nusu ya upepo: ua wa mabua ya mtama uliofumwa kwa nafasi, mstari wa mabingobingo, mbaazi zilizopandwa msimu uliotangulia. Kizuizi cha namna hiyo hupunguza upepo hadi umbali wa mara kumi ya urefu wake, hivyo ua wa mita moja na nusu unaweza kuhudumia mita 15 za bustani. Usiwe karibu mno na tuta, maana mizizi ya mabingobingo hunyang'anya maji bila huruma.

Tena haifai kuuzuia upepo wote. Shina linalotikisika kidogo kila siku hukua fupi, nene na imara; lililokingwa kabisa hukua refu na kuvunjika siku ya kwanza shambani. Wakuzaji wengine wa miche ndani ya nyumba huipitishia fimbo au karatasi juu ya vichwa vyake kila asubuhi ili kuipa mtikisiko huo.

Kuhusu mvua ya mawe hakuna mengi ya kusema. Maeneo ya Kericho na Nandi nchini Kenya yanajulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua hiyo, na nyanda nyingine za juu huipata mara kwa mara. Huja ghafla, hudumu dakika chache. Wavu imara uliokazwa juu ya nguzo ndiyo kinga pekee ya kutegemewa. Wavu uliolegea hujaa barafu, hudidimia na kuilalia miche. Asiye na wavu asie mbegu kwa awamu mbili au tatu, akiachanisha wiki moja moja, ili pigo moja lisichukue kila kitu.

Jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha majani, ndiyo hali inayohitaji maarifa zaidi, na ndiyo inayoeleweka kwa uchache zaidi katika nchi zetu, pengine kwa sababu vitabu vingi huichukulia kuwa mambo ya Ulaya. Wakazi wa Makete, Njombe na Mufindi huijua vizuri kati ya Juni na Agosti. Wa Limuru, Kinangop na Kericho huijua zaidi katika miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka; jalidi ya Januari 2012 iliunguza mashamba mengi ya chai ya Kenya. Tofauti hiyo ya miezi ina maelezo. Mwezi wa Julai, Limuru ni baridi mchana kutwa, lakini anga limefunikwa na mawingu. Januari mchana una jua zuri, na usiku anga ni jeupe lenye nyota. Jalidi hufuata anga jeupe kuliko inavyofuata baridi ya mchana.

Usiku ardhi na majani hutoa joto kuelekea angani. Mawingu yakiwepo hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo. Yasipokuwepo joto hupotea moja kwa moja. Upepo ukivuma huchanganya hewa baridi ya chini na ile yenye joto kidogo iliyo juu. Ukitulia, hewa baridi hubaki imelala juu ya ardhi. Hivyo kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua kinaweza kusoma nyuzi 3 wakati majani ya chini tayari yameganda. Anayetaka ukweli wa kitalu chake alaze kipimajoto kwenye tuta.

Hewa baridi ni nzito. Huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni, nyuma ya kuta na nyuma ya ua mzito ulioko chini ya mteremko. Watu huweka vitalu bondeni ili kuwa karibu na mto, jambo linaloeleweka, lakini ndipo jalidi inapoanzia. Katikati ya mteremko ni salama zaidi, hata kama ni mita 20 tu juu ya bonde. Ua uliopo chini ya kitalu uachwe mwanya wa kutosha ili hewa ipite. Ule wa upande wa juu unaweza kufungwa vizuri, nao utaipitisha hewa baridi pembeni.

Madhara yenyewe hutokea ndani ya jani. Barafu huanza kuundwa katika nafasi zilizo kati ya seli, nayo huvuta maji kutoka ndani ya seli hizo mpaka zinakauka na utando wake unaharibika. Asubuhi jani huwa kama lililochemshwa, kisha hugeuka jeusi. Nyanya, maharage, matango, maboga, pilipili na viazi mviringo hufa kwa jalidi moja. Kabichi, vitunguu, karoti na sukuma wiki huvumilia jalidi nyepesi. Matango na maboga hudumaa hata bila barafu, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa.

Kinga inaanza mchana. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto jingi la jua na kulipitisha juu usiku, kuliko udongo mkavu uliotifuliwa. Tuta limwagiliwe kabla ya saa sita au mapema alasiri, ili majani yakauke kabla ya jua kuzama. Na hapa ndipo matandazo yanapogeuka kuwa adui: yakiwa chini ya mche huzuia jua lisiupashe udongo mchana, na usiku huzuia joto la udongo lisipande kufikia majani. Mche uliozungukwa na nyasi nene unaweza kuungua kwa jalidi huku wa jirani kwenye udongo mtupu ukisalimika. Katika wiki za hatari nyasi zisogezwe kando mpaka kipupwe kipite.

Kifuniko cha usiku kazi yake ni kunasa joto linalotoka ardhini, hakitengenezi joto. Kwa sababu hiyo kinapaswa kuwekwa kabla ya jua kuzama, wakati ardhi bado ina joto, na kifike chini pande zote. Gunia lililofungwa kwenye shina, likaacha nafasi wazi chini, halisaidii. Vilevile kisiguse majani, kwani jani linalogusana na kifuniko kilichoganda huganda nalo. Mianzi iliyopindwa juu ya tuta huinua kifuniko vizuri. Magunia, shuka kuukuu, maboksi, ndoo zilizopinduliwa na majani ya migomba yote yanafaa. Nailoni nyembamba ni dhaifu kuliko inavyoonekana, kwa sababu hupitisha joto linalotoka ardhini. Usiku wa anga jeupe, ndani yake huweza kupoa karibu sawa na nje. Ikiwekwa gunia juu yake, kazi hukamilika.

Chupa kubwa za plastiki zilizojazwa maji na kupangwa kati ya miche, chini ya kifuniko, huongeza ulinzi. Maji hupokea joto jingi mchana na kulitoa polepole usiku. Chupa tupu iliyokatwa kitako na kufunikia mche mmoja ni msaada mzuri kwa bustani ndogo, lakini kizibo chake kifunguliwe asubuhi, la sivyo mche ulioponea baridi utauawa na joto saa tano. Vifuniko vyote viondolewe jua linapopanda.

Ishara za usiku wa hatari ni chache na za kuaminika: mvua imekwisha siku kadhaa, mchana umekuwa mkavu, upepo umekufa magharibi inapoingia, nyota zinaonekana zote, na kipimajoto kimeshuka chini ya nyuzi 10 kabla ya saa mbili usiku. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari ya eneo zima. Bonde la mkulima mmoja linaweza kuwa na baridi zaidi ya tahadhari hiyo.

Kinga yoyote iliyotumika, siku ya kuiondoa huja, na miche mingi hupotea siku hiyo. Mche uliozoea kivuli ukipelekwa juani ghafla majani yake hupauka na kukauka. Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, kivuli kipunguzwe kwa saa chache kila siku, maji yatolewe kwa kuachanisha zaidi bila kuacha mche unyauke, na mbolea ya naitrojeni isimamishwe. Shina litakuwa gumu zaidi na majani yatakuwa na utando mnene. Kwa kawaida nyanya huwa tayari wiki ya nne hivi, kabichi wiki ya nne hadi ya sita, vitunguu wiki ya sita hadi ya nane. Upandikizaji ufanyike jioni au siku ya mawingu, mche ukitoka na udongo wake, katika shimo lililokwisha kumwagiliwa. Tawi lenye majani likichomekwa upande wa magharibi wa kila mche kwa siku tatu hadi tano, mizizi hupata muda wa kushika.

Pale madhara yanapotokea licha ya yote, haraka huongeza hasara. Majani yaliyounguzwa na jalidi yasikatwe siku hiyohiyo: yaliyokufa bado hukinga yaliyo chini yake usiku unaofuata, na mpaka wa uhai na ufu hauonekani vizuri kabla ya siku chache kupita. Miche iliyopigwa na mvua ya mawe isubiriwe majani yakauke, vipande vilivyoning'inia viondolewe kwa mkasi safi, kisha inyunyiziwe dawa ya ukungu yenye shaba, kwani kila jeraha ni mlango wa bakajani. Miche iliyogeuka njano baada ya mvua za mfululizo mara nyingi imepoteza naitrojeni iliyooshwa na maji. Mbolea kidogo ya maji huirudisha ndani ya wiki, mradi mizizi iwe bado myeupe. Cha kuchunguza katika kila hali ni ncha ya kukua. Nyanya iliyopoteza majani yote lakini ncha yake ikabaki kijani itachipua. Kabichi iliyopoteza ncha haitafunga kichwa hata ikitunzwa vipi, nayo ing'olewe na nafasi yake ijazwe kutoka kwenye akiba. Ndiyo maana mkulima mwenye uzoefu husia moja ya kumi au moja ya tano zaidi ya mahitaji ya shamba lake.